Ng'ombe Ameshiba, Ndoo Haijai: Namna ya Kupiga Hesabu ya Chakula cha Ng'ombe wa Maziwa

Ng'ombe wangu wa kwanza alikuwa chotara wa Friziani, na kila aliyepita uani kwangu Pongwe alilisifu tumbo lake. Ilikuwa masika. Mabingobingo, zile nyasi ndefu za kulishia ng'ombe, yalisimama kila kona ya shamba, nami nilikata asubuhi na jioni mpaka hori likafurika. Ng'ombe alikula, akalala, akacheua, akanitazama kama mtu aliyetoka kwenye pilau ya Maulidi. Maziwa: lita tano. Wiki ya pili, tano. Nikaanza kumlaumu aliyeniuzia.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwapo tangu mradi wa maziwa wa Tanzania na Uholanzi ulipoanza mkoani kwetu miaka ya 1980, alipita siku moja. Nikampa shikamoo yake, kisha malalamiko yangu. Hakumgusa ng'ombe. Alichota konzi ya majani horini, akayaminya, maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mwanangu, huyu unamnywesha mara mbili," akasema. "Chakula unampa lini?"

Haya ninayoyaandika ni majibu ya swali lile. Nawaandikia wanaofuga ndani, ng'ombe mmoja hadi watano, ukanda huu wa Tanga mjini, Muheza na Mkinga. Aliye Lushoto kwenye baridi atabadilisha mawili matatu. Tafuta futi kamba ya fundi cherehani, mzani wa kuning'iniza wa kilo 50, na daftari la shule.

Kabla ya hatua: chakula kinakwenda wapi

Basi lililosimama stendi ya Kange huku injini inaunguruma linakunywa dizeli, na halijasogea hata hatua moja kuelekea Korogwe. Ng'ombe naye ni vivyo hivyo. Kupumua, kusukuma damu, kusimama, kusaga majani, vyote vinakula nguvu kabla hajatoa tone la maziwa. Hicho ndicho chakula cha kujikimu. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachoingia kwenye ndoo. Ng'ombe anayepewa chakula cha kujikimu tu ni basi la Kange: anakula kila siku na safari haipo.

Wataalamu huipima nguvu hiyo, au nishati, kwa megajuli. Usiogope neno. Ni kipimo kama kilo au lita, na hesabu zake ni za kujumlisha na kuzidisha.

Hatua ya kwanza: jua uzito wa ng'ombe wako

Watu wengi hukisia, na wengi hukisia vibaya, hasa ng'ombe akiwa na tumbo kubwa. Msimamishe mahali tambarare, asubuhi, kabla hajala. Zungusha futi kamba kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, usiilegeze wala usiibane. Andika sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako unaochomoza nyuma. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,838. Jibu ni kilo.

Ng'ombe mwenye mzunguko wa sentimita 172 na urefu wa sentimita 146 anakuja karibu na kilo 400. Chotara wengi wakubwa niliowapima huku kwetu wanacheza karibu na hapo, kwa hiyo nitamtumia huyo katika mifano yote. Hesabu hii haina usahihi wa mzani wa mnadani, lakini inakutosha kabisa.

Hatua ya pili: andika anachohitaji kwa siku

Kwa kujikimu, ng'ombe wa kilo 300 anahitaji takribani megajuli 36, wa kilo 400 anahitaji 45, wa kilo 500 anahitaji 54. Kila kilo 100 zikiongezeka, ongeza 9.

Kwa maziwa, kila lita inataka megajuli 5 hivi. Maziwa yenye mafuta mengi yanataka zaidi kidogo, mepesi yanataka pungufu kidogo.

Protini inahesabiwa peke yake. Ng'ombe wa kilo 400 anataka karibu gramu 400 za kujikimu, na gramu 90 kwa kila lita ya maziwa.

Kwa hiyo ukitaka lita 10 kwa siku: megajuli 45 za kujikimu na 50 za maziwa, jumla 95. Protini ni gramu 400 na 900, jumla 1,300. Andika namba hizo mbili kwa chaki kwenye nguzo ya banda, maana utazirudia sana.

Zipo nyongeza. Mwenye mimba katika miezi miwili ya mwisho anataka megajuli 10 na kitu zaidi, zikipanda hadi kama 20 siku za kukaribia kuzaa. Aliyezaa mara ya kwanza bado mwenyewe anakua, mpe nyingine 5 hadi 7. Na anayetembea analipia miguu: kilomita nne au tano kwenda na kurudi malishoni zinakula nguvu ya karibu lita nzima ya maziwa. Ndiyo maana mwenye ng'ombe wa maziwa anayemswaga kutwa nzima kutafuta nyasi za kiangazi hupata afya ya mguu na hasara ya ndoo.

Hatua ya tatu: pima majani, kisha toa maji yake

Hapa ndipo nilipokuwa nimepotea, kwa hiyo vumilia nikae kidogo.

Majani mabichi ni maji zaidi kuliko kitu kingine chochote. Kinachomlisha ng'ombe ni kile kinachobaki maji yakitoka. Mabingobingo ya wastani yakikauka hubakiza kama kilo 18 kwa kila kilo 100. Yale machanga ya masika, yaliyokatwa asubuhi na umande juu, yanaweza kubakiza 13 tu.

Huhitaji maabara. Katakata kilo moja ya majani uliyomkatia ng'ombe, yatandaze juu ya bati kwenye jua la Tanga, yageuze, yalaze ndani usiku, yarudishe kesho yake. Yakishakuwa ya kuvunjika mkononi, pima. Majani yaliyokauka kwa jua bado yana unyevu kidogo, basi ondoa sehemu moja ya kumi ya uzito huo. Zikibaki gramu 200 mzanini, hesabu 180.

Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa hula kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani asilimia 3 ya uzito wake. Kwa majani matupu hafiki hapo, kwa sababu tumbo hujaa kabla. Ukimpa mabingobingo peke yake, mara nyingi ataishia kwenye kilo 50 hivi za majani mabichi.

Sasa mtazame ng'ombe wangu wa masika. Kilo 50 za majani, asilimia 13, ni kilo 6.5 kavu. Majani machanga ni mazuri, kila kilo kavu ina megajuli kama 9. Jumla 58. Ondoa 45 za kujikimu, zinabaki 13. Hizo ni lita mbili na nusu, ukikaza sana zinakaribia tatu. Lakini alikuwa anatoa tano. Zile nyingine zilitoka wapi? Mgongoni mwake. Alikuwa akiyeyusha mwili wake kunilipa, nami namlaumu muuzaji.

Mabingobingo hayo hayo yakikatwa kwa wakati mzuri na kunyaushwa kidogo yanasimama hivi: kilo 50, asilimia 18, kilo 9 kavu zenye megajuli 8.3 kila moja, jumla karibu 75. Ondoa 45, zinabaki 30, ambazo ni lita sita. Vizuri. Lakini angalia upande wa protini. Majani ya namna hiyo yana protini kama asilimia 8 ya ukavu wake, yaani gramu 720. Ondoa 400 za kujikimu, zinabaki 320. Gawanya kwa 90: lita tatu na nusu.

Nguvu inasema sita, protini inasema tatu na nusu. Ng'ombe humsikiliza aliyesema kidogo. Kukanyaga mafuta hakusaidii kama tairi moja imeisha upepo. Mfugaji anayemwongezea ng'ombe huyu pumba tupu anaongeza nguvu juu ya nguvu, na maziwa yanapanda kidogo kisha yanagoma.

Hatua ya nne: usichelewe na panga

Mabingobingo yakatwe yakifika kiunoni hadi kifuani kwako, takribani mita moja, kila wiki sita hadi nane. Mvua zikichanganya, mapema zaidi. Acha kisiki cha vidole vinne au sentimita 10 kutoka ardhini yachipue tena.

Watu tunapenda yakue kwanza "yawe mengi". Yanakuwa mengi kweli, lakini ya vijiti. Yakipita kimo cha mtu, nguvu inashuka hadi megajuli 7 kwa kilo kavu na protini hadi asilimia 5. Nitakuonyesha hatua inayofuata hasara yake ni lita ngapi.

Majani ya masika yakate mchana umande ukishakauka, au yakate leo ulishe kesho. Yakatekate vipande vifupi kama kidole. Ng'ombe akipewa marefu huchagua majani, hutupa mashina, na nusu ya jasho lako huishia kuwa matandiko.

Hatua ya tano: ziba pengo

Pengo la protini lizibe kwanza kwa miti, kwa sababu miti hailipwi. Lukina na gilirisidia zinaota vizuri sana ukanda huu, na majani yake yana protini asilimia 20 na kitu. Panda kwenye mpaka wa shamba kama ua. Lukina usizidishe theluthi moja ya majani anayokula, kwani ina sumu ambayo ikizidi humnyonyoa ng'ombe manyoya na kumvimbisha tezi ya shingo. Gilirisidia atakataa siku za mwanzo kwa harufu yake. Inyaushe usiku mmoja, changanya na mabingobingo, nyunyizia molasi kidogo. Wangu aligoma siku nne, ya tano akawa anaitafuta.

Kisha njoo dukani. Pumba za mahindi ni za nguvu, kama megajuli 11 na nusu kwa kilo kavu, protini yake ni asilimia 10 tu. Mashudu ya alizeti yana protini kama asilimia 25, ya pamba yanapita 30. Mashudu ya nazi, ukiyapata, yanakaa katikati: protini asilimia 20 na nguvu nzuri.

Hili ndilo hori ninalolitumia sasa kwa ng'ombe wa kilo 400:

Mabingobingo ya wakati mzuri, kilo 40: megajuli 60, protini gramu 576.
Majani ya lukina au gilirisidia, kilo 6 mbichi: megajuli 14, protini gramu 330.
Pumba za mahindi, kilo 2: megajuli 20, protini gramu 176.
Mashudu ya alizeti, kilo 1: megajuli 9, protini gramu 225.

Jumlisha: megajuli 103, protini gramu 1,307. Nguvu inatosha lita kumi na moja na nusu, protini lita kumi. Ile nguvu iliyozidi kidogo naiacha kwa makusudi. Inajenga mwili na kumrudisha ng'ombe kwenye joto, yaani kutaka dume.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: mabingobingo yale yawe yale marefu ya vijiti, ukavu ule ule wa kilo 7.2. Nguvu inashuka hadi 93, bado inakaribia. Protini inashuka hadi gramu 1,091, na hizo ni lita saba na kitu. Karibu lita mbili na nusu zimepotea kila siku kwa kuchelewesha panga, na pumba na mashudu umevinunua vile vile. Kwa kweli utapoteza zaidi, maana vijiti vile hatavimaliza.

Ukitaka zaidi ya lita kumi, kila kilo moja ya mchanganyiko wa pumba na mashudu inabeba lita moja na nusu hadi mbili za ziada. Lakini ipo mipaka. Usimpe zaidi ya kilo mbili au tatu kwa mkupuo. Gawanya asubuhi na jioni. Kiongeze taratibu kwa wiki mbili. Na majani yasishuke chini ya nusu ya chakula chote kikavu. Tumbo la ng'ombe linakaa wadudu wadogo wasioonekana wanaosaga majani kwa niaba yake. Ukimimina pumba au nafaka ghafla, tumbo linakuwa chachu na wadudu hao wanakufa. Kinyesi kinakuwa cha majimaji chenye povu, mafuta ya maziwa yanashuka, na baadaye anaanza kuchechemea. Nimeyaona kwa ng'ombe aliyevunja kamba usiku akamaliza debe la mahindi. Alipona, ila msimu ule sikupata kitu.

Maneno machache kuhusu vya bei rahisi. Machicha ya nazi kutoka kwa mama lishe ni mazuri yakiwa ya leo. Ya juzi yamechacha, na kwa kuwa yana mafuta, yakizidi yanazuia majani yasisagike. Kilo moja au mbili kwa siku zinatosha. Maganda ya machungwa ya Muheza ng'ombe anayapenda, mradi yasiwe na ukungu. Maganda ya muhogo yaanike yakauke kabisa kwanza, mabichi yana sumu inayoua. Molasi hadi kilo moja kwa siku, ikiwa imezimuliwa na maji. Urea, ile ya mbolea, usiichezee bila mtaalamu. Na pumba zenye ukungu, hata kama ni bure, zitupe. Sumukuvu haiishii kwa ng'ombe. Inapita kwenye maziwa hadi kwa mtoto anayeyanywa.

Kuhusu bei: usinunue kwa kutazama gunia. Tuseme pumba ni shilingi 600 kwa kilo na mashudu ni 900. Kama kinachopungua kwako ni protini, kilo ya pumba inakupa gramu 88 na ya mashudu gramu 225. Mashudu ndiyo rahisi. Kama kinachopungua ni nguvu, pumba ndizo rahisi. Weka bei za siku hiyo za dukani kwako, fanya mgawanyo huo huo. Na pima unachomimina: ndoo ya lita 20 iliyojaa pumba haifiki hata kidogo kilo 20. Jaza kopo lako mara moja, ning'iniza kwenye mzani, chora alama ya kilo moja kwa wembe, basi.

Hatua ya sita: miezi mitatu ya mkopo

Ng'ombe akishazaa, maziwa yanapanda haraka, yanafika kilele kati ya wiki ya nne na ya nane. Hamu ya kula inachelewa. Inafika kilele chake wiki ya kumi au ya kumi na mbili. Katikati hapo anakopa kwa mwili wake. Kilo moja ya mwili ikiyeyuka inatoa megajuli kama 28, lita tano hadi sita. Lakini kuirudisha kilo hiyo baadaye kunataka 34, karibu lita saba. Ni mkopo wa kausha damu kabisa: unachukua tano na nusu, unarudisha saba.

Mkopo huo hauepukiki wote, ila unaweza kuufanya uwe mdogo. Mkaushe maziwa siku 60 kabla ya kuzaa ili apumzike. Azae akiwa na mwili wa wastani: ukipapasa mbavu unazihisi lakini huzihesabu kwa macho. Mnene sana ni hatari pia, kwa sababu aliyenenepa hukosa hamu ya kula akizaa. Wiki mbili au tatu kabla ya kuzaa mwanzishe pumba na mashudu, kilo moja hadi mbili, tumbo lizoee. Baada ya kuzaa ongeza nusu kilo kila baada ya siku mbili tatu maadamu maziwa yanaendelea kupanda. Yakigoma kupanda, simama hapo.

Mbavu tatu za mwisho zikionekana kutoka mlangoni na mifupa ya nyonga ikichongoka, mkopo umezidi. Huyo hatapata joto siku ya 60 wala ya 90, na hata ukimpandisha kwa chupa (uhimilishaji) atarudia bila kushika mimba. Wengi humwita daktari kutafuta ugonjwa wa kizazi, na ugonjwa uko horini.

Akiangushwa na miguu siku moja mbili baada ya kuzaa, masikio ya baridi, shingo kaigeuza ubavuni, hilo ni jambo jingine: homa ya maziwa, upungufu wa kalsiamu katika damu. Mwite mtaalamu wa mifugo saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Hatua ya saba: maji, madini, kivuli

Maziwa ni maji asilimia 87. Ng'ombe wa lita 10 kwenye joto letu anamaliza lita 60 hadi 80 kwa siku, hata zaidi kaskazi ikivuma. Maji yawepo muda wote, usiku pia. Ndoo moja ya asubuhi na moja ya jioni ni kumfunga mikono. Wenye visima karibu na bahari waonje maji wenyewe: yenye chumvi ng'ombe hunywa kwa kujilazimisha, na anayekunywa kidogo hula kidogo.

Madini ya unga, gramu 100 hadi 150 kwa siku, changanya kwenye pumba. Chumvi ya jikoni pekee haina kalsiamu wala fosforasi, na kila lita ya maziwa inaondoka na zaidi ya gramu moja ya kalsiamu.

Joto linastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo tunalowazidi watu wa milimani. Kuanzia Januari hadi Machi, nyuzi 30 na kitu na unyevu wa bahari juu yake, ng'ombe mwenye damu nyingi ya kizungu anahema mdomo wazi na kuacha hori. Kusaga majani tumboni kunazalisha joto jingine ndani. Basi mpe sehemu kubwa ya majani jioni jua likizama na alfajiri, mchana mpe kidogo. Banda liwe juu, upepo wa bahari upite. Paa la makuti ni poa kuliko bati. Mwenye bati aweke makuti juu yake. Si pambo, ni lita moja au mbili.

Hatua ya nane: jiandae na kiangazi tangu Juni

Mabingobingo ya mwisho wa masika, yanapozidi uwezo wa ng'ombe, ndiyo ya kuhifadhi. Nyausha nusu siku, katakata vipande vya sentimita mbili hadi tano, nyunyizia molasi kilo 3 kwa kila kilo 100 za majani, shindilia shimoni lenye nailoni au kwenye mifuko mizito hadi hewa iishe, funga, weka mawe juu. Usifungue kabla ya wiki sita. Saileji nzuri, yaani majani hayo yaliyohifadhiwa, ina rangi ya kijani iliyofifia na harufu ya uchachu mtamu. Ikinuka uvundo, hewa iliingia.

Kiasi: kilo 25 kwa siku kwa ng'ombe mmoja, siku 60, ni kilo 1,500. Shimo la mita mbili kwa moja na nusu, kina mita moja, linabeba zote zikishindiliwa barabara. Na usisahau lile ua la lukina na gilirisidia: mizizi yake inakwenda chini, kwa hiyo Februari, nyasi zikishakuwa za kahawia, bado utakuta cha kukata. Vipando vya malisho ulizia kwenye taasisi ya utafiti wa mifugo, TALIRI Tanga, au chuo cha mifugo cha LITA Buhuri. Kwa jirani pia utapata, vijiti vya gilirisidia hakuna anayeviuza.

Kila siku, kwenye daftari

Safu nne zinatosha: kilo za majani, kilo za pumba na mashudu, lita za asubuhi, lita za jioni. Pima kilo za majani yaliyobaki horini pia, uzitoe. Unapobadilisha chakula, badilisha kitu kimoja tu, kisha ngoja siku tano hadi saba kabla hujahukumu, tumbo lizoee.

Mara moja kwa wiki pita bandani saa nane mchana, wamelala, bila kelele. Hesabu wanaocheua. Wakiwa zaidi ya nusu, majani yanatosha. Tazama kinyesi: kikisimama kama chapati nene yenye kishimo katikati, chakula kiko sawa, kikiwa maji, pumba zimezidi au majani ni machanga mno, kikiwa mafungu magumu, protini au maji hayatoshi. Kisha minya konzi ya majani horini, kama yule mzee.